Kucheua Uchungu wa Utotoni

Wafugaji wetu waijua vizuri tabia ya ng'ombe. Mchana hula majani kwa haraka pasipo kuyatafuna sawasawa. Jioni, akisha kulala zizini, huyarudisha kinywani akayatafuna tena na tena. Huko ndiko kucheua. Kwa ng'ombe ni dalili ya afya, na mfugaji akiona ng'ombe wake hacheui humwita bwana mifugo upesi. Mwanadamu naye hucheua, lakini si majani. Hucheua neno alilotupiwa na baba yake alipokuwa na miaka saba. Hucheua usiku ule mama alipopigwa, naye amejificha chini ya kitanda. Hucheua mkono wa mtu mzima aliyemtendea jambo lisilotajika, kisha akamwonya asimwambie mtu. Mambo hayo aliyameza utotoni bila kuyatafuna, maana mtoto hana meno ya kutafunia mambo ya namna hiyo. Miaka thelathini baadaye, nyumba nzima ikisha kulala, yanarudi kinywani. Hutafuna mpaka majogoo, wala hayalainiki.

Wasomaji wapenzi, watu hao si wachache, wala hawako mbali. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi katika Tanzania juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Waliotendewa ukatili wa mwili, wake kwa waume, walikuwa karibu robo tatu. Vijana wale leo ni baba na mama wa familia. Wamo katika kwaya zetu, wamo katika Jumuiya Ndogo Ndogo, wamo katika WAWATA. Na huenda mmoja wao ndiye anayesoma mistari hii.

Kwamba mateso ya utotoni huzaa magonjwa utu uzimani, jambo hilo limekwisha kuonekana wazi. Mwaka 1998 waganga wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walitoa taarifa juu ya watu wazima zaidi ya 9,500 wa mji wa San Diego, katika California. Waliwauliza habari za utoto wao: je, walipigwa, walitukanwa, walinajisiwa, walimwona mama akipigwa, walikaa na mlevi, au na mwenye ugonjwa wa akili, au na mfungwa? Walipolinganisha waliopatwa na aina nne au zaidi za mateso hayo na wale wasiopatwa na hata moja, walikuta kwamba hatari ya ulevi, ya kujaribu kujiua, na ya ile huzuni nzito isiyoondoka ambayo waganga wetu huiita sonona, ilikuwa kubwa zaidi mara 4 hadi 12.

Lakini je, jeraha la mtoto wa miaka sita husafiri kwa njia gani hata kumfikia mtu wa miaka arobaini? Hapo ndipo wengi hupotea. Wako wanaosema ni laana ya ukoo, na wako wanaotoza fedha ili kuivunja. (Twashangaa kwamba laana hizo haziishi kamwe mfuko wa mgonjwa usipoisha kwanza.) Wengine husema kwamba mtu huyo ni mvivu, au hana imani. Hao nao hawakusema kweli.

Marekani alikuwako mwanamke mmoja msomi, Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki mwaka 2013. Alitumia maisha yake kuchunguza namna watu wanavyoichukua huzuni yao. Mwaka 1989 aliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford karatasi ya maswali: ukihuzunika hufanya nini? Siku chache baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko kubwa la ardhi likaupiga mkoa ule. Akawarudia wanafunzi wale wale. Akakuta kwamba waliosema tangu kwanza kuwa wakihuzunika hukaa na kuizungusha huzuni yao moyoni ndio waliokuwa na majonzi zaidi siku kumi baada ya tetemeko, na tena baada ya majuma saba. Ardhi ilitetemeka kwa wote. Baadhi yao iliendelea kuwatetemekea ndani.

Tena mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Liverpool, wakisaidiwa na shirika la BBC, walipata majibu ya watu 32,827 wa nchi nyingi. Mambo mazito yaliyompata mtu maishani yalionekana kuwa chanzo kikubwa cha sonona na wasiwasi. Lakini kati ya chanzo na ugonjwa lilikuwako daraja, nalo lilikuwa na nguzo mbili: kucheua na kujilaumu. Aliyepatwa na mabaya, akayacheua na kujilaumu, aliumia kuliko aliyepatwa na mabaya yale yale asifanye hivyo.

Daraja hilo hujengwa utotoni. Mtu mzima akitendewa ubaya anayo mambo ya kufanya: atapigana, atakimbia, atakwenda baraza la kata, atamwambia rafiki. Mtoto hawezi hata moja. Amtesaye ndiye amlishaye. Hubaki na kitu kimoja tu kilicho chake, nacho ni kufikiri; na swali lake ni moja, "Kwa nini mimi?" Kwa kuwa hawezi kuamini kwamba baba ni mbaya (maana baba akiwa mbaya, mtoto atakwenda wapi?), hujijibu kwamba yeye mwenyewe ndiye mbaya. Jibu hilo humpa namna ya utulivu, kwani angaa sasa jambo lina maana. Basi hulirudia. Akilirudia miaka kumi huwa desturi, na desturi ya utotoni haiondoki kwa kuwa mtu amepata kazi, au mke, au nyumba ya bati. Na kama alipolia aliambiwa, "Nyamaza, nisikusikie," basi alijifunza pia kwamba uchungu hauna mahali pa kupelekwa ila kurudishwa tumboni.

Hapo awali twaweza kufikiri kwamba kuwaza sana kutampa mtu ufumbuzi. Yeye mwenyewe hufikiri hivyo. Ndiyo maana haachi. Ajiona kama mtu anayefanya kazi. Kumbe kazi haiendi. Nolen-Hoeksema aliwajaribu watu wenye huzuni kwa dakika 8 tu: wengine aliwaambia wajifikirie nafsi zao na hali zao, wengine wafikirie mambo mengine kabisa yasiyowahusu. Wa kwanza walizidi kuzama. Wa pili wakapata nafuu kidogo. Kama dakika 8 zatosha kumzamisha mtu, je, usiku mzima? Kumbukumbu moja chungu huziita dada zake, mpaka mtu aone kwamba maisha yake yote hayakuwa na siku njema hata moja. Rafiki huchoka kusikia habari ile ile, akaanza kupita njia nyingine. Kisha uchungu wa jana hugeuka kuwa hofu ya kesho, kwa maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mume akichelewa saa moja, mke ameshaona kuachwa, mkubwa wa kazi akisema "njoo ofisini", mtu ameshafukuzwa moyoni mwake kabla hajafika mlangoni. Huo ndio wasiwasi, na ni mtoto wa mama yule yule. Wanaume wengi huuziba mdomo huo kwa pombe. Ndivyo mtoto mwingine chini ya kitanda kingine aanzavyo kumeza.

Lugha yetu iliyajua hayo zamani. Tukisema, "Fulani ana mawazo," hatusifu akili yake. Na katika karne ya 4, huko jangwani Misri, mmonaki Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliandika habari za maadui wanane wa mtawa, akawaita kwa neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo: mawazo. Mmoja wao ni huzuni. Alieleza kwamba huja polepole, ikimkumbusha mtawa nyumba ya wazazi wake na maisha yake ya kale. Roho isipokataa, bali ikifuata nyuma, basi hutekwa na kuangushwa. Evagrius hakuwa na karatasi za maswali, lakini alikuwa na macho.

Basi tuwaambie nini ndugu zetu hawa? Kwa kawaida huambiwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema kwa majirani waliogombania mpaka wa shamba. Kwa mtu tunayemsema haifai, kwa sababu kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, nayo haijapita. Yusufu mwana wa Yakobo aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana wa miaka 17. Alipofanikiwa Misri alimwita mwanawe wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Lakini mtu aliyesahau kweli hampi mtoto wake jina la kusahau, akaliita kila asubuhi. Na ndugu zake walipokuja kununua nafaka, alijitenga nao akalia. Alipata amani baadaye, alipojifunua kwao na kusema wazi lililotendeka.

Neno "samehe usahau" nalo yafaa lipimwe. Kusamehe ni amri ya Bwana wetu. Kusahau si amri, wala hakumo katika uwezo wa mtu. Padri au katekista amwambiaye mama aliyeharibiwa utotoni kwamba kukumbuka kwake ni dalili ya kutosamehe, amemwongezea kitu kipya cha kucheua.

Bila kugusa siri ya maungamo, twaweza kusema jambo lijulikanalo na kila padri. Wako waaminifu wanaoungama, mwaka hata mwaka, si jambo walilolitenda, bali jambo walilotendewa. Wameliita dhambi yao. Huondolewa, hurudi, huondolewa tena, wala hawapati raha, kwa kuwa hakuna ondoleo kwa mtu asiye na kosa. Tuseme waziwazi: mtoto aliyenajisiwa hana dhambi katika jambo hilo, hata kama hakupiga kelele, hata kama alipewa peremende, hata kama alirudi tena kwa kuogopa. Dhambi ni ya yule mkubwa, yote pia. Wala tusijidanganye kwamba wakubwa hao ni watu wasio na dini tu. Wamekuwamo mapadre, na kwa sheria ya mwaka 2019 iitwayo Vos estis lux mundi, hayati Papa Fransisko aliwafunga mapadre na watawa kutoa taarifa wajuapo au washukupo maovu hayo yaliyotendwa na watumishi wa Kanisa.

Kuitafuta dhamiri ni jambo jema, lakini si kucheua. Kuitafuta dhamiri kuna mwanzo na mwisho: mtu huona kosa, hulitaja, hutubu, huondoka, huenda kula chakula chake. Kucheua hakuna mlango wa kutokea. Wataalamu nao hutenganisha kuwaza kwa namna mbili. Namna moja huuliza, "Nini kilitokea, na sasa nifanyeje?" Nyingine hukaa ikiuguza moyo kwa "Laiti," na "Kwa nini mimi," na "Mimi ni mtu gani." Ya pili ndiyo iuayo.

Mtakatifu Augustino alichapwa sana shuleni alipokuwa mtoto. Alimwomba Mungu asichapwe, na wakubwa, hata wazazi wake mwenyewe, walizicheka alama za viboko vyake. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha Maungamo akiwa amepita miaka arobaini, naye ni askofu. Tazameni: hakusahau, wala hakujisingizia kwamba halikuuma. Lakini aliyasema kwa mmoja anayesikia, tena kwa utaratibu, akiweka kila jambo mahali pake, mpaka akaendelea na habari nyingine. Tofauti kati ya kukumbuka na kucheua yaonekana hapo kuliko katika maelezo yetu yote.

Anayesikia, basi. Wazee wa jangwani walimwagiza kijana ayafunue mawazo yake kwa mzee mmoja mwenye busara, wala asipambane nayo peke yake chumbani. Katika siku zetu jambo lililo karibu sana na hilo limefanyika Zimbabwe. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nao hulitumia kwa ugonjwa huu. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wasio waganga, kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa wa namna hiyo. Bibi hamkatazi mtu kuwaza. Kwanza humwacha aseme, na hatua hiyo huitwa kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. Kisha huyataja matatizo mojamoja, huchagua moja, hutafuta hatua moja iwezekanayo juma hilo, na juma lijalo humwuliza imekuwaje. Matokeo ya uchunguzi juu ya watu 573 yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliopitia benchini na bado wakawa na dalili za sonona walikuwa karibu 14 katika 100. Waliopata matibabu ya kawaida, karibu 50 katika 100.

Huko Uingereza nako, Profesa Edward Watkins wa Chuo Kikuu cha Exeter huwafundisha wagonjwa wake jambo linalofanana na hilo: kuitambua saa na mahali ambapo kucheua huanza, na kuligeuza swali la "kwa nini" kuwa swali la "namna gani". Mama agunduaye kwamba huanza kila akioshapo vyombo peke yake usiku, ataviosha asubuhi, au atamwita binti yake wavioshe pamoja wakizungumza. Jambo dogo, lakini tabia hukatwa kwenye mzizi wake.

Tusomapo habari ya nabii Eliya chini ya mti jangwani twaona kwamba Mungu hakufanya vingine. Eliya ametaka kufa. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Huko Horebu Mungu alimwuliza afanya nini hapo, na Eliya akatoa lalamiko lake. Ulipita upepo, likapita tetemeko, ukapita moto, ikaja sauti ndogo. Akaulizwa tena, naye akatoa lalamiko lile lile, neno kwa neno. Nabii alikuwa akicheua! Mungu hakumkemea, wala hakubishana naye. Alimpa safari na kazi tatu za kufanya, mmoja wapo ni kumpaka mafuta Elisha, ambaye atakuwa mwenzake. Tena akamwambia kwamba wako watu elfu saba asiowajua walio upande wake. Chakula, usingizi, sikio, kazi, mwenzi.

Sala imo, lakini mwenye ugonjwa huu aangaliwe asifanye sala kuwa zizi jipya la kucheulia. Afadhali afuate desturi ya kale ya wamonaki, waliosema kwamba Neno la Mungu ndilo la kucheuliwa: kulichukua neno moja la Zaburi na kulirudia taratibu mchana kutwa. Kinywa kilichozoea kutafuna, kipewe chakula. Na huzuni ikizidi majuma mawili, mtu akakosa usingizi na hamu ya kula, au akiwaza kufa, aende hospitali pasipo kungoja novena iishe. Wako waganga wa maradhi haya, na dawa zipo. Kuogopa kuitwa "mtu wa Mirembe" kumewazika wengi.

Kwenu wazazi, neno lililobaki ni juu ya watoto walio nyumbani sasa. Huko Moshi na Bungoma watoto 640 waliofiwa na wazazi walichunguzwa, na taarifa ikatolewa mwaka 2020. Baadhi yao walikutanishwa katika vikundi na watu wa kawaida waliofundishwa, wakasaidiwa kuusimulia msiba wao mpaka mwisho na kuyarekebisha mawazo ya kujilaumu. Bungoma faida ilikuwa ingali ikionekana mwaka mmoja baadaye. Moshi haikudumu vile. Twaona kwamba kazi hii yawezekana hata pasipo madaktari wengi, na kwamba mara moja haitoshi.

Mtoto anayekuja kusema, asikilizwe palepale, hata ugali ukiungua. Aaminiwe kwanza. Aambiwe kwa maneno haya haya kwamba kosa si lake. Jambo likiwa ni la uhalifu lipelekwe polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, au ipigwe simu namba 116, wala lisimalizwe kwa mbuzi kati ya wazee wa pande mbili. Maana mbuzi huliwa siku moja, na mtoto ataicheua hukumu ile mpaka uzeeni. Akisha kusema, asipelekwe kulisimulia tena kwa shangazi, kwa mjomba, na kwa majirani wa ua. Mmoja wenu akae naye jioni, amwulize habari za leo: alicheza na nani, mwalimu alifundisha nini, kesho ataka kufanya nini.